K13 ipi? Kutafuta jeni herufi kwa herufi

"Dada, hebu njoo uone. Hii K13 mbona iko kwenye kromosomu ya 17?"

Aliyeniita alikuwa mwanafunzi wa fildi, wiki yake ya pili tu maabara. Nilikuwa nimempa kazi ndogo: achukue mfuatano wa jeni ya K13 kutoka kwenye kanzidata, aupange sambamba na mifuatano ya sampuli zetu za malaria, kisha aangalie kama kuna badiliko linaloitwa R561H, linalohusishwa na usugu dhidi ya artemisinini, dawa ya malaria. Akaandika herufi chache kwenye kisanduku cha kutafutia, orodha ikajitokeza chini yake, akabofya mstari wa juu kabisa, akanakili. Dakika mbili hazikuisha. Tatizo likawa mifuatano haikulandana hata kidogo. Badala ya kuendelea kuilazimisha, akarudi kuusoma ukurasa polepole, mstari kwa mstari, ndipo akaiona ile 17.

Lilikuwa swali la mtu mwenye jicho. Plasmodium falciparum, kimelea kinacholeta sehemu kubwa ya malaria kali barani Afrika, kina kromosomu 14 tu. Ya 17 haipo. Alichokuwa amefungua ni KRT13, jeni ya binadamu inayotengeneza keratini ya 13, protini inayopatikana kwenye utando laini wa kinywa na umio. Mojawapo ya lakabu zake ni K13. Kanzidata haikukosea chochote: iliulizwa K13, ikatoa K13. Mtaani kwetu ukiuliza kwa Mama Asha utaulizwa kwanza, "Mama Asha yupi, wa genge au wa cherehani?" Kisanduku cha kutafutia hakiulizi. Kinakupa Mama Asha wa kwanza kinayemfahamu.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaeleza wageni wetu namna kisanduku kile kinavyofanya kazi kabla sijawapa kazi yenyewe, kwa sababu makosa mengi ya kuchukua jeni isiyo yako huzaliwa pale, katika sekunde tatu za kuandika na kubofya. Haya ndiyo ninayowaeleza.

Kinachotokea kila unapobonyeza herufi

Zamani ulikuwa unaandika neno zima, unabonyeza kitufe cha kutafuta, unasubiri ukurasa mpya. Siku hizi kanzidata nyingi za jeni hazisubiri umalize. Unaandika H, orodha inatokea. Unaongeza B, orodha inapungua. Unaongeza B nyingine, yanabaki majina machache: HBB, yaani beta globini, jeni ambayo badiliko lake la herufi moja ndilo huleta selimundu, na chini yake HBBP1, ambayo ni nakala iliyokufa ya jeni za ukoo huohuo. Huu ndio utafutaji wa herufi kwa herufi: kila herufi ni swali jipya, na kila jibu ni dogo kuliko lililotangulia.

Kasi yake inawashangaza wengi, lakini siri yake ni ileile ya mtu anayetafuta neno kwenye kamusi. Kamati ya HGNC, inayoidhinisha majina ya jeni za binadamu, imeshaidhinisha vifupi zaidi ya 40,000. Kompyuta haivisomi vyote kuanzia juu hadi chini. Vimeshapangwa kwa alfabeti, kwa hiyo inafungua katikati, inauliza kama herufi zako ziko kabla au baada ya hapo, inatupa nusu moja, inafungua katikati ya nusu iliyobaki, inatupa tena. Ukikata orodha ya 40,000 nusu kwa nusu namna hiyo, mara 16 zinatosha kufika unapotaka. Programu nyingine hutumia mti wa herufi, ambao shina lake linatoa tawi la A, la B, la C, na kila tawi linatoa vitawi vya herufi ya pili, na kuendelea. Ukiandika HBB umetembea hatua tatu tu, na kila kilicho mbele ya tawi ulilofikia ndicho kinachoorodheshwa. Muundo huo una umri wa zaidi ya miaka 60. Ulielezwa mwaka 1959, kabla ya mtu yeyote kujua herufi za vinasaba zinasomwaje.

Lakini kamusi ya Kiswahili imetufundisha jambo ambalo wenzetu wa lugha nyingine hawalioni haraka. Ukitafuta "walimu" kwenye W hutalipata. Liko kwenye M, chini ya "mwalimu". Ukitafuta "amekipika" huna budi kuvua a, me na ki kwanza, ubaki na "pika". Maneno yetu hubadilika mbele, na yeyote anayetumia kamusi yetu ameshazoea kuvua kichwa cha neno kabla ya kufungua ukurasa. Tabia hiyohiyo ndiyo inayohitajika kwenye jeni. Kwenye makala za kitaalamu utakutana na PfCRT, hMLH1, c-Myc, p53. Pf ni kifupi cha Plasmodium falciparum. H ni ya binadamu. C- ni kiambishi cha kihistoria. P ni ya protini. Orodha rasmi ina MLH1, MYC na TP53. Anayeandika p53 kwenye kisanduku kinachoangalia mwanzo wa kifupi rasmi peke yake hatafika kwenye TP53, kwa kuwa herufi moja ya mbele imemzuia. Anafikishwa pale kwa sababu tu waliotengeneza kanzidata walikaa wakaorodhesha lakabu zote na kuzifunga kwenye jeni yake.

Kwa hiyo nyuma ya kisanduku kuna orodha zaidi ya moja. Kuna ya vifupi rasmi, kuna ya lakabu, kuna ya vifupi vilivyotumika zamani vikaachwa, na mara nyingi kuna ya maneno ya maelezo. Mfano mzuri wa kifupi kilichoachwa ni jeni ya Duffy, ambayo watu wengi wa Afrika kusini mwa Sahara wana badiliko lake linaloifanya isionekane kwenye chembe nyekundu za damu, na hivyo Plasmodium vivax inapata shida kuwaingia. Vitabu vya zamani vinaiita FY, makala za baadaye zikaiita DARC, na leo kifupi rasmi ni ACKR1. Mtu aliyeshika makala ya zamani na mtu aliyeshika ya mwaka huu wanazungumzia jeni moja bila kujuana. Kanzidata nzuri ikikuletea ACKR1 baada ya kuandika DARC, inakuonyesha pembeni kwamba DARC ni jina la zamani. Kanzidata inayoficha sababu hiyo inakuachia kazi ya kukisia.

Mstari wa juu una maana gani

Kubofya mstari wa kwanza ni tabia tuliyoizoea kwenye simu. Kwenye jeni inafaa kujua mstari huo umepandaje juu. Mpangilio wenye busara huweka kwanza kifupi kilicho sawasawa na ulichoandika, halafu vinavyoanza na ulichoandika, halafu lakabu, mwisho maneno yaliyomo ndani ya maelezo. Bila mpangilio huo, anayetafuta MET, jeni inayojulikana sana kwenye saratani, angezikwa chini ya METTL3, METAP2 na ndugu zao wote, na anayetafuta KIT angelazimika kuipita KITLG. Watafiti wa inzi wa matunda wana kisa kigumu zaidi: jeni yao mojawapo ya zamani kabisa, inayohusika na rangi ya macho, kifupi chake ni herufi moja tu, w.

Lakini si kila kanzidata hupanga hivyo. Nyingine hutanguliza kinachotafutwa na watu wengi, na jeni za binadamu zinatafutwa na watu wengi kuliko za vimelea. Ndiyo maana yule mwanafunzi alikutana na keratini kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo kisanduku hukuficha kwa nia njema: hakitofautishi herufi kubwa na ndogo. Ukiandika tp53 au TP53, majibu ni yaleyale, na kwa mwandishi mwenye haraka hilo ni jema. Ila kwenye majina ya jeni ukubwa wa herufi una maana. G6PD, zote kubwa, ni ya binadamu. G6pd, moja kubwa na nyingine ndogo, ni ya panya buku. Zote ndogo, g6pd, ni ya samaki wa maabara anayeitwa zebrafish. Kwenye orodha inayojitokeza mistari hii mitatu inaweza kukaa jirani, na mwenye macho yaliyochoka saa kumi na moja jioni haoni tofauti. G6PD kwetu si jeni ya mchezo. Upungufu wake ndio unaoamua kama mgonjwa apewe primakwini bila hofu ya kuvunjikavunjika kwa chembe zake za damu. Kwa hiyo kabla ya kubofya, soma jina la kiumbe lililoandikwa pembeni. Kama halijaandikwa, usibofye. Tafuta pa kuchagua kiumbe kwanza.

Majina matano ya malaria

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu ndipo kazi yetu ya kila siku ilipo, na kwa sababu bahati mbaya ya majina ni kubwa kuliko mtu anavyotarajia. Wanaofuatilia usugu wa malaria dhidi ya dawa huangalia jeni tano za kimelea kuliko nyingine: K13, CRT, MDR1, DHFR na DHPS. Kila moja ya hizo ina jina linalofanana na la jeni ya binadamu. Zote tano.

K13 tumeshaiona. CRT ya kimelea ni ile inayohusika na usugu dhidi ya klorokwini, dawa iliyoondolewa kuwa chaguo la kwanza Kenya mwaka 1998 na Tanzania mwaka 2001. Kwa binadamu, CRT ni lakabu ya CALR, protini inayoshika kalisiamu ndani ya seli. Hazina undugu wowote, na ukurasa wa CALR utakushtua mara moja.

MDR1 inatisha zaidi kwa sababu haishtui. Kwa binadamu MDR1 ni lakabu ya ABCB1, pampu inayosukuma dawa nje ya seli, maarufu kwa wanaotibu saratani. Kwa kimelea, MDR1 nayo ni pampu ya ukoo uleule, na nayo inahusika na dawa. Ukisoma maelezo ya ukurasa usio wako, yote yatakuridhisha: pampu, usugu, dawa. Hata kromosomu haitakusaidia, kwa sababu ABCB1 iko kwenye kromosomu ya 7 ya binadamu, namba ambayo kimelea nacho kinayo. Ni jina la kiumbe pekee litakalokuokoa.

DHFR ni kimeng'enya kilekile kwetu na kwa kimelea. SP, zile tembe ambazo wajawazito humeza kliniki, zina pirimethamini, na pirimethamini hufanya kazi kwa sababu inashikamana na DHFR ya kimelea kwa nguvu kubwa kuliko inavyoshikamana na yetu. Herufi nne zilezile, kazi ileile, mifuatano tofauti. Kisha DHPS. Ya kimelea ndiyo inayolengwa na sulfadoksini, nusu ya pili ya SP. Sisi binadamu hatuna kabisa kimeng'enya hicho, na hapo ndipo sulfadoksini inapopata nafasi ya kumdhuru kimelea bila kutudhuru. Lakini andika DHPS kwenye orodha ya binadamu, jeni inatokea, tena kwa kifupi rasmi, si lakabu. Ni kimeng'enya kingine kabisa, kinachorekebisha asidi amino moja, yaani tofali moja la protini, ndani ya protini iitwayo eIF5A. Mwanafunzi anayejua kwamba binadamu hana DHPS atasimama ajiulize. Asiyejua atanakili.

Njia ya kutoka kwenye mtego huu ni kuacha kutegemea jina mapema iwezekanavyo. Kanzidata ya PlasmoDB, ambayo ndiyo nyumbani kwa jeni za vimelea vya malaria, huipa kila jeni utambulisho wake. Wa K13 ni PF3D7_1343700. Ukiutazama kwa karibu unasomeka kama anwani. PF ni Plasmodium falciparum. 3D7 ni ukoo wa kimelea ambao jenomu yake ilisomwa ikatangazwa mwaka 2002. Tarakimu mbili za mwanzo baada ya mstari wa chini, 13, ni kromosomu. Zinazobaki ni nafasi ya jeni kwa mpangilio kando ya kromosomu hiyo, na namba zimeachiana 100 100, ili jeni mpya ikigunduliwa katikati ipate namba bila kuwasogeza majirani. CRT ni PF3D7_0709000, kromosomu ya 7. MDR1 ni PF3D7_0523000, ya 5. DHPS ni PF3D7_0810800, ya 8. DHFR ni PF3D7_0417200, ya 4.

Sasa angalia utambulisho huu unavyokwenda kinyume na utafutaji wa herufi kwa herufi. Herufi sita za kwanza, PF3D7_, ni zilezile kwa jeni zote zaidi ya 5,000. Unaandika, unaandika, na orodha haipungui hata kwa mmoja. Ukifika 13 inashuka ghafla hadi kromosomu moja. Kuanzia hapo kila tarakimu inachuja kweli. Wengi hukata tamaa katikati wakidhani mtandao umekwama. Haujakwama. Utambulisho umetengenezwa ili unakiliwe na kubandikwa mzima, wala si kuchapwa kidogo kidogo. Jina ndilo la kuchapa. Utambulisho ni wa kubandika.

Hali ni hiyohiyo kwa namba tupu. Kwenye kanzidata ya Gene ya NCBI, kituo cha Marekani cha taarifa za bayoteknolojia, CALR ni namba 811. Ukichapa 811 mahali panapochuja kwa mwanzo, umekaribisha kila namba inayoanza na 811. Na namba bila jina la kanzidata haina maana: HBB ni 3043 kwa NCBI na 4827 kwa HGNC, na zote mbili ni sahihi nyumbani kwake.

Makala zilizotangulia mpangilio huu mpya zina utambulisho wa kizamani. K13 iliwahi kuitwa PF13_0238, na CRT iliitwa MAL7P1.27. PlasmoDB inavitunza vya zamani kama lakabu, kwa hiyo ukivibandika utafikishwa.

Naongeza jambo moja kuhusu K13 kwa sababu linanigusa kila nikilikumbuka. Jeni hii iliunganishwa na usugu dhidi ya artemisinini katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, na kimelea kilichowaonyesha njia watafiti kilitokana na ukoo uitwao F32-Tanzania. Walikilea maabara kwa miaka 5, wakikipa artemisinini kila mara, hadi kikawa sugu, kisha wakasoma jenomu yake na kutafuta kilichobadilika. Baadaye mabadiliko ya jeni hiyohiyo yakaanza kuonekana kwa wagonjwa wa ukanda wetu: R561H ikaripotiwa Rwanda mwaka 2020, A675V na C469Y zikaripotiwa kaskazini mwa Uganda mwaka 2021, na R561H ikaonekana pia Kagera. Anayetafuta K13 leo Bukoba au Kigali anatafuta kitu kinachoweza kumhusu mtoto wa jirani yake.

Mtandao ukiwa wa kusuasua

Kila herufi ni swali linalosafiri hadi kwenye seva, ambayo huenda iko Marekani au Uingereza, na jibu linasafiri kurudi. Kwenye mtandao mzuri huhisi. Ukiwa umeunganisha kompyuta na simu, bando linakaribia kuisha na umeme umekatika, unahisi sana. Watengenezaji hupunguza mzigo kwa kusubiri kidogo, mara nyingi robo ya sekunde hivi, waone kama bado unaandika. Ukitulia ndipo swali linatumwa. Ndiyo maana kuandika mfululizo bila kusita hupunguza safari.

Hatari inayojificha ni majibu kufika bila mpangilio. Umeandika HB, swali limeondoka. Umeongeza B, swali la pili limeondoka. La pili linarudi kwanza, orodha ya HBB inatokea. Kisha lile la kwanza, lililokwama njiani, linafika na kuifuta. Kisanduku kinasomeka HBB, ila orodha iliyo chini yake ni ya HB, na mstari wa kwanza unaweza kuwa HBA1, alfa globini badala ya beta. Programu iliyoandikwa vizuri huyapa maswali namba na kutupa jibu lililochelewa. Zisizofanya hivyo bado zipo. Kwa hiyo kwenye mtandao wa kusuasua, ukimaliza kuandika ondoa mikono kwenye kibodi, subiri orodha itulie, ndipo usome.

Kwa maabara inayotafuta jeni kila siku, ushauri wangu ni kuipakua orodha. HGNC na NCBI huyatoa mafaili yao bure. Hata ukikadiria herufi 10 kwa kila kifupi, vifupi vyote vya binadamu havifiki nusu megabaiti, pungufu ya picha moja ya simu. Programu ndogo inayochuja orodha hiyo ndani ya kompyuta yako haihitaji bando wala haiisumbui seva ya mtu. Hilo la pili ni muhimu kwa wanaoandika programu: NCBI inaruhusu maombi 3 kwa sekunde kwa asiye na ufunguo na 10 kwa aliye nao, na kisanduku kinachotuma swali kwa kila herufi kinaweza kuzidi hapo watumiaji wawili tu wakichapa kwa pamoja.

Kuchuja kwa hatua

Kuna wakati hujui jina. Unajua tabia tu: iko kromosomu ya 13, ina sehemu ya muundo wa kelch (umbo la protini ambalo K ya K13 imetokana nalo), na kadhalika. Hapo herufi hazikufai, na PlasmoDB ina njia nyingine. Unauliza swali moja, sema jeni zote za kromosomu ya 13, linakaa kwenye kisanduku likionyesha idadi. Unaongeza la pili, jeni zenye neno kelch kwenye maelezo, kisha unachagua namna ya kuyaunganisha: zilizo kwenye yote mawili, zilizo kwenye lolote, au zilizo kwenye la kwanza zisizo kwenye la pili. Kila hatua inabaki ikionekana, na unaweza kurudi kuibadilisha bila kuanza upya. Nawapenda waliobuni jambo hili. Mwenzako akiuliza ulifikaje kwenye jeni ulizozipata, unamwonyesha njia nzima, jambo ambalo kisanduku cha herufi hakiwezi, maana herufi ulizoandika na kufuta hazikumbukwi popote.

Baada ya kuipata

Jeni sahihi inaweza kupotea baada ya kupatikana. Mtu hunakili orodha ya vifupi, anaibandika kwenye Excel, na Excel inaona SEPT2 ikaamua ni tarehe 2 Septemba. MARCH1 ikawa tarehe 1 Machi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta takriban moja ya tano ya makala za jenomiki zenye orodha za jeni kwenye mafaili ya Excel zina makosa ya aina hii. Mwaka 2020 HGNC ikaamua kubadilisha majina yenyewe: SEPT2 ikawa SEPTIN2, MARCH1 ikawa MARCHF1. Mafaili ya zamani bado yapo, na tarehe zilizomo hazirudi kuwa jeni. Utambulisho kama PF3D7_1343700 hauguswi na hayo. Hiyo ni sababu nyingine ya kuunakili huo pamoja na jina.

Yule mwanafunzi alirudia kazi yake alasiri ileile. Nilimwomba kabla ya kunakili asome mambo matatu kwa sauti: kiumbe, kromosomu, urefu wa protini. Keratini ya 13 ina asidi amino 458, kwa hiyo nafasi ya 561 anayoitafuta isingekuwepo humo hata angeisaka hadi usiku. K13 ya kimelea ina 726. Akautazama na mfuatano wenyewe, akaona A na T zimejaa kila mahali, kama inavyotarajiwa kwa jenomu ambayo A na T ni takriban asilimia 80. Akaandika kwenye daftari la maabara: PF3D7_1343700, PlasmoDB, namba ya toleo, tarehe. Kisha akapanga tena, na safari hii mifuatano ikalandana tangu mwanzo.

Jeni hii haina vipande vya kuruka katikati, kwa hiyo kuhesabu ni moja kwa moja: herufi 2,181 kuanzia ATG, herufi tatu za mwanzo wa kusomwa, tatu tatu kwa kila asidi amino. Ya 561 inaanzia herufi ya 1,681. Ikiwa ile ya katikati, ya 1,682, ni G, kimelea kina arginini (R) yake ya kawaida. Ikiwa ni A, ni histidini (H), na hiyo ndiyo R561H. Akaweka kidole kwenye skrini akaanza na sampuli ya kwanza.